Mbung'o wako wa pini wa Serengeti

Mdogo wangu, umesema una mbung'o kumi na kitu wa Serengeti na lebo zote zimeandikwa Glossina tu, yaani jina la jenasi ya mbung'o wote, unataka spishi. Rangi ya tumbo usiiamini sana, mdudu akishakauka inafifia. Anza na miguu, weka lenzi au hadubini, taa itoke pembeni. Angalia mguu wa nyuma, kama vile vipande viwili vya mwisho vya wayo tu ndo vyeusi, uko kundi la morsitans, lenye spishi kadhaa za mbung'o. Sasa nenda mguu wa mbele na wa kati, ncha za vipande hivyo vya mwisho zikiwa na weusi hapo uwezekano mkubwa ni spishi swynnertoni, zikiwa za njano tu bila weusi huyo ni spishi pallidipes. Kubwa jeusi jeusi la kahawia, hilo spishi brevipalpis, weka pembeni.

Ila spishi morsitans yenyewe (si kundi zima) na swynnertoni wanafanana mpaka kero, hapo tafuta dume umwangalie sehemu za uzazi mwisho wa tumbo, mlainishe kwanza kwenye kikopo chenye pamba yenye maji, ukimlazimisha mkavu anavunjika, mi nimeshapoteza miguu mitatu kwa haraka zangu. Jike kama huna uhakika andika Glossina sp. tu, yaani spishi haijatambuliwa, si aibu. Na lebo ya mahali usiitoe kwenye pini!