Uliza Tujibu: "Wamekuja na mkataba wa kaboni, tusaini?"

Meseji za mwezi huu karibu zote ni za misitu, sijui ni mvua zimewakumbusha watu au ni hawa jamaa wa kaboni wanaozunguka vijijini na magari yao meupe, ila zimejaa kweli. Nimechukua chache, majina tumeyaacha kama kawaida, na zile ndefu sana nimezikata kidogo msinikasirikie.

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Tuko wilaya ya Liwale, kijiji chetu kina msitu mkubwa tu. Juzi wamekuja watu wa kampuni wakasema watatulipa hela ya kaboni kila mwaka kwa miaka 30, sisi tusikate miti. Mwenyekiti anasema tusaini haraka kabla hawajaenda kijiji cha jirani. Wengine tunaogopa ardhi itaondoka. Tufanyeje? (Mwanakijiji, Liwale)

JIBU: Ndugu yangu, kwa asiyejua, hela ya kaboni ni malipo ya kuacha miti isimame iendelee kushika hewa ya ukaa, na kampuni inauza hesabu ya hewa hiyo kwa wanaochafua kwingine. Ila hiyo "haraka kabla hawajaenda kwa jirani" inanitisha kuliko kaboni yenyewe. Msitu umekaa hapo tangu enzi za mababu, hauwezi kushindwa kusubiri wiki tatu mkae mkutano.

Anza na hili, mwenyekiti peke yake hana hiyo kalamu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi, lakini kumgawia mtu ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali kwanza haiwezi, na Mkutano Mkuu ni nyinyi wote mliofikisha miaka 18, sio wale wanaume saba wanaokaa chini ya mwembe wa ofisi. Kwa hiyo kitu kikubwa kama hiki, cha miaka 30, kiende mkutanoni, mkataba usomwe kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, muhtasari uandikwe na waliohudhuria wasaini, na nakala ya muhtasari mbaki nayo. Najua mihtasari inaboa, ila siku mambo yakiharibika hiyo karatasi ndo mtakayoishika mkienda wilayani.

Pili, je msitu wenu umetengwa kisheria? Maana kuna msitu tunaosema "wetu" kwa mdomo na kuna msitu wa hifadhi wa kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hivi ni vitu viwili. Huo wa pili una mpango wa matumizi bora ya ardhi, una mipaka iliyopimwa, una mpango wa usimamizi, una sheria ndogo zilizopitishwa mpaka halmashauri ya wilaya, una kamati ya maliasili yenye watu wa doria. Ukishakuwa hivyo mapato yake ni ya kijiji, na mtu akija na lori usiku mnamkamata nyinyi wenyewe kwa sheria yenu. Kama hamjafika hapo, basi hapo ndo pa kuanzia, kaboni ije baadaye. Mkihitaji wa kuwashika mkono wapo MJUMITA, mtandao wa jamii zenyewe zinazosimamia misitu, na hapo Kilwa kuna shirika la MCDI ambao wamefanya kazi hii miaka mingi na vijiji vya Lindi.

Na msidhani ni nadharia. Kule Babati, msitu wa Duru-Haitemba, miaka ya mwanzo ya 90 serikali ilikuwa inataka kuuchukua uwe hifadhi yake, wanavijiji wakakataa wakasema tuachieni tulinde wenyewe, wakaachiwa, na huo ndo ukawa mfano ambao sera na sheria zilikuja kuufuata baadaye. Karibu na kwenu, vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaovunwa bila kuharibiwa, kwa ajili ya mpingo wao, msitu wa asili wa kwanza Afrika unaosimamiwa na wanakijiji kupata cheti hicho. Mpingo huohuo unaoishia kwenye klarineti za Ulaya, ambao kabla ya hapo mwenye lori alikuwa anaondoka nao kwa hela ya kuonea huruma.

Sasa mkataba wenyewe. Waulizeni gawio la kijiji ni asilimia ngapi, na asilimia ya nini, ya mauzo yote au ya kinachobaki baada ya wao kutoa gharama zao? Hapo ndo watu wanapopigwa, maana "asilimia 50 ya faida" inaweza kuwa sifuri kila mwaka kama gharama anaandika yeye mwenyewe. Waulizeni wanafuata viwango vya nani vya kimataifa vya kuuza kaboni, mfano Plan Vivo wanataka angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo iwanufaishe wanajamii, kwa hiyo akija mtu anawatajia asilimia 15 mnajua pa kumjibia. Bei ikishuka sokoni nani anaumia? Moto ukipita je? Asali, uyoga, dawa, kuni kavu, kulisha mifugo, mnaruhusiwa au ndo basi? Mkigombana mnapelekana mahakama ya wapi, Lindi au London? Na mnajitoaje mkichoka? Kama hawa jamaa wanakwepa hata swali moja kati ya haya, wapeni chai waende zao. Tangu 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni, miradi inasajiliwa kupitia Ofisi ya Makamu wa Rais na kuna kituo cha taifa cha kaboni pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro, kwa hiyo kuuliza "nyinyi mmesajiliwa?" sio ukorofi, ni kazi ya simu moja.

Sisemi kaboni ni utapeli. Vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi vimeshapata mabilioni ya shilingi na zimejengwa zahanati na madarasa, na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walikuwa kwenye biashara hii kabla wengi wetu hatujalijua hilo neno. Ila angalia Wahadzabe walianza na nini, walianza na hati ya ardhi yao ya pamoja. Ardhi kwanza, hela baadaye. Na hela ikishaingia isomwe kwenye mkutano wa kijiji kila miezi mitatu, mapato na matumizi, kwa sauti, pamoja na posho za vikao. Hasa posho za vikao.

SWALI: Mambo vp mhariri. Mi niko chuo Dar, tuna kikundi cha mazingira ila washkaji wananiambia harakati za tabianchi ni mambo ya wazungu, na mi mwenyewe najiuliza, kwa nini mwanakijiji asikate mti wake ili mzungu aendelee kuwasha ndege yake? (Kijana, Dar)

JIBU: Poa kijana. Swali lako la pili lina akili kuliko maneno ya washkaji wako, na ndo hasa maana ya haki ya tabianchi. Afrika nzima hii inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu ya dunia. Halafu Mei 2024 kimbunga Hidaya kinakuja kupiga Mafia na Kilwa, barabara ya kusini inakatika pale Somanga, watu wanalala kwenye mabasi siku kadhaa na samaki wanaoza kwenye maboksi. Nani alichoma mafuta na nani amelala barabarani? Ukiliweka hivyo washkaji wataacha kusema ni mambo ya wazungu, wataanza kusema wazungu watulipe, na hapo mtaelewana.

Kuhusu kulipa sasa, ahadi hazijawahi kuwa haba. 2009 kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, zikafika 2022. Kwenye mkutano wa Glasgow 2021 zikaahidiwa dola bilioni 1.7 kwa ajili ya jamii za asili na wanavijiji wanaolinda misitu, na hesabu ya mwaka wa kwanza ikaonyesha kama asilimia 7 tu ndo imefika moja kwa moja kwenye mashirika ya jamii zenyewe, nyingine imepita kwa makonsalta, mashirika makubwa na serikali. Kwa hiyo mi kikundi chenu nakishauri kitu kimoja, acheni kidogo mabango ya "okoa dunia" mchukue mradi mmoja wa misitu mnaoujua, mfuate hela yake kuanzia ilipotangazwa mpaka kijijini, muandike imeishia wapi. Mtapata maadui wengi sana. Ila hakuna atakayewaita waigizaji wa wazungu.

Na huyo anayesema ni mambo ya wazungu mwambie akasome habari za msitu wa Karura. Nairobi, Januari 1999, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walienda kupanda miti kwenye msitu ambao wakubwa walikuwa wameshagawana viwanja, wakapigwa na vijana waliokodishwa, mama akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa chuo wakaingia barabarani, Agosti mwaka huohuo rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma, na leo Karura ipo watu wanaenda kukimbia asubuhi.

SWALI: Salaam aleikum mwanangu. Mimi ni mama wa Kwale. Twasikia watu wa Gazi wauza hewa ya mikoko wapata pesa. Ni kweli ama ni porojo? Na sisi tutajengea nini tukiacha kukata boriti? (Mama, Kwale)

JIBU: Waaleikum salaam mama, shikamoo. Ni kweli kabisa. Mradi unaitwa Mikoko Pamoja, ni wa vijiji vya Gazi na Makongeni, hekta 117, ulianza kuuza kaboni 2013 na ndo uliokuwa wa kwanza duniani wa aina yake kwa mikoko. Wanauza kama tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, pesa si za kutajirisha mtu mmoja mmoja lakini zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na watu wenyewe hukaa baraza wakaamua mwaka huu ziende wapi. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakaja na mradi wao. Mikoko inalipa vizuri kwa sababu ya yale matope, majani na mizizi ikizama mule haiozi upesi, basi kaboni inakaa chini miaka na miaka.

Swali la boriti ndo la maana na wengi huliruka. Gazi walipanda mvinje, wakate hiyo ya kujengea badala ya mikoko. Bila kupanda mvinje kwanza, kumwambia mtu asikate mkoko ni kumwambia alale nje. Ila mama mkitaka kuanza kumbukeni mikoko ya Kenya ni ya serikali, lazima muwe na chama cha jamii cha msitu kilichosajiliwa na mkataba na KFS, shirika la serikali la misitu. Na sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka miradi ya ardhi itoe kwa jamii isiyopungua asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita, kwa hiyo ulizeni mapema kabisa wanahesabu mapato yapi na wanatoa nini kabla ya kufika kwenye hiyo 40.

SWALI: Ogiek walishinda kesi, mbona bado wanafukuzwa Mau? Si serikali inalinda msitu? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kweli Ogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau kule Kenya, walishinda mara mbili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilisema Mei 2017 kwamba kuwatoa ilikuwa kuvunja haki zao, na kisingizio cha kulinda msitu ikakikataa, ikasema walioharibu Mau sio wao. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia, jumla shilingi za Kenya milioni 157.85, na ardhi yao ipimwe wapewe hati. Halafu Novemba 2023 familia za Ogiek zikafukuzwa tena upande wa Narok, nyumba zikabomolewa. Kwa hiyo jibu langu kwa "si serikali inalinda msitu" ni hapana, msitu unaolindwa kwa kumtoa mfuga nyuki na kumwachia mwenye msumeno haulindwi. Hukumu bila mtu wa kuisukuma nyumbani inabaki karatasi, ndo maana Ogiek bado wanapiga kelele na mimi nawaunga mkono.

SWALI: Nyie waandishi mnatuambia tusichome mkaa, je mtatulipia gesi? (Mchoma mkaa, Kilosa)

JIBU: Hatuna hela hiyo kaka, na mi sijawahi kuwaambia muache. Mkaa unaowauma ni ule wa kukata ovyo. Hukohuko kwenu Kilosa kuna vijiji vilivyogawa eneo la mkaa kama bao la drafti, vipande vya mita 50 kwa 50, wanakata kimoja wanaacha cha pembeni, kisiki haking'olewi kichipue, na kipande kilichokatwa hakiguswi tena miaka 24. Kibali anatoa kijiji na ushuru unabaki kijijini. Serikali imeshapiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 tangu mwisho wa Januari 2024, na inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe na nishati safi ifikapo 2034, sawa, ila mpaka siku hiyo Dar itapikia mkaa na mkaa utatoka kwenu, heri utoke kwa utaratibu na nyinyi mbaki na chenji.

SWALI: Jirani yangu kapanda mikaratusi kwenye chemchemi, maji yanapungua. Nimfanye nini? (Njombe)

JIBU: Usimkatie miti usiku, utafungwa wewe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Mwite afisa mtendaji na watu wa kamati ya maji, nendeni na tepu mpime jirani akiwepo. Ikiwa ndani ya 60, mpeni muda avune auze mbao zake, halafu hapo pandeni mikuyu.