Nipateje kibali cha kushushia mizigo mbele ya duka?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara yenye shughuli nyingi katikati ya jiji. Nafasi zote mbele ya duka hujaa magari ya watu binafsi tangu alfajiri, hivyo lori linaloniletea mali hulazimika kusimama ubavuni mwa magari yaliyoegeshwa, huku vijana wakipitisha mabati na mifuko ya saruji mbele ya magari yanayotembea. Mwezi uliopita dereva alitozwa faini mara mbili, nami ndiye niliyelipa. Nimeambiwa kwamba jiji linaweza kutenga sehemu ya ukingo wa barabara kwa ajili ya kupakia na kushusha mizigo. Je, nianzie wapi, na nikishalipia kibali, sehemu hiyo itakuwa yangu?

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa maombi mengi huharibikia hapo hapo. Sehemu hiyo haitakuwa yako. Ukingo wa barabara ni mali ya umma, na kwa kawaida kibali cha namna hii hubadili matumizi ya kipande cha barabara bila kumpa mwombaji umiliki wake. Gari la jirani yako likisimama hapo kushusha mzigo kwa kufuata masharti ya bango, huna haki ya kulifukuza, na gari lako mwenyewe la kutembelea halitaruhusiwa kushinda hapo. Barua inayosema "natakiwa kupewa nafasi mbele ya duka langu" humfanya afisa aone mtu anayetaka maegesho ya binafsi kwa gharama ya wengine. Zungumza na wenye maduka wa pande zote mbili kabla hujaandika chochote, kwa sababu nao wanaletewa mali, na ombi lenye sahihi za watu watatu au wanne wanaotumia ukingo huo huo lina uzito ambao ombi la mtu mmoja halina.

Kabla ya kwenda ofisini, nunua daftari. Kwa wiki mbili mfululizo andika kila gari la mizigo linalofika: siku, saa, aina ya gari, lilisimama wapi, na lilichukua dakika ngapi tangu mlango wa nyuma ulipofunguliwa hadi lilipoondoka. Mstari mmoja usomeke hivi: "Jumanne, saa 2:10 asubuhi, lori, mabati na saruji, lilisimama katikati ya njia, dakika 35, basi lilishindwa kupita." Mhandisi wa barabara anayesoma kurasa kumi za namna hiyo anaona hatari yenyewe, wala hahitaji kusadikishwa kwa maneno makali. Daftari hilo pia litakuonyesha jambo ambalo huenda hukulijua, kwamba mizigo mingi hufika ndani ya kipindi cha saa mbili au tatu tu asubuhi. Basi omba saa hizo, usiombe siku nzima. Eneo la mizigo linalorudi kuwa maegesho ya kawaida baada ya adhuhuri hupata wapinzani wachache zaidi, na wateja wako wenyewe watakuwa na mahali pa kusimama.

Kisha upime. Nasisitiza hili kwa uchungu, maana nilimsaidia jirani yangu kuandaa ombi lake nasi tukapima urefu wa lori peke yake, mita 8, tukaomba mita 8. Tulipopewa, lori halikuweza kuingia bila kupanda ukingo, kwa kuwa gari linaloingia kwa ubavu kati ya magari mengine huhitaji nafasi ya kujigeuza, na jukwaa la kuinulia mizigo lililo nyuma yake lilipofunguliwa lilifika kwenye kivuko cha watembea kwa miguu. Ongeza nafasi ya kuingilia, nafasi ya jukwaa hilo, na nafasi ya mtu kusimama na mkokoteni. Kumbuka pia kwamba lori kubwa lina upana wa karibu mita 2.5 bila kuhesabu vioo, ilhali nafasi nyingi za maegesho ni nyembamba kuliko hapo.

Katika mchoro wako onyesha kila kitu kilicho kando: makutano, kivuko, kituo cha basi, bomba la zimamoto, mteremko wa viti vya magurudumu. Ukificha kimojawapo, mkaguzi atakiona siku ya kwanza.

Ombi hupelekwa kwa idara ya jiji inayosimamia barabara au maegesho. Kwa kawaida hufuata ukaguzi wa mahali, taarifa kwa majirani ili mwenye pingamizi aseme, malipo ya ada, na hatimaye bango na alama za barabarani. Alama hizo ziache kwa jiji. Usipake rangi mwenyewe hata kidogo, kwa kuwa rangi hiyo hiyo ina maana tofauti kila mahali: San Francisco, ukingo wa njano hutengwa kwa magari ya biashara yanayopakia na kushusha, wakati nchini Uingereza vistari vya njano kwenye ukingo huonyesha kwamba upakiaji umezuiwa. Na uulize mapema kama kibali kina tarehe ya kuisha.

SWALI: Mimi nahama nyumba, nahitaji nafasi ya lori kwa siku moja tu. Je, nami nipitie safari hiyo yote?

JIBU: Hapana. Miji mingi ina kibali cha muda kwa ajili ya kuhama au ujenzi, na chako hakitahitaji daftari. Kinachohitajika zaidi ni kuwahi, kwa sababu bango la muda hutakiwa kubandikwa siku kadhaa kabla, na gari lililoegeshwa pale kabla ya bango kuwekwa huenda lisiweze kuondolewa kisheria. Ukishalibandika, lipige picha pamoja na magari yaliyopo wakati huo, namba zake zikisomeka, na picha hiyo uwe nayo mkononi asubuhi ya kuhama.