Diski mbili kwenye seva si bekapu

SWALI: Habari mtaalamu. Ofisini tuna seva moja yenye diski mbili zinazonakiliana (RAID 1). Nyuma yake tumechomeka diski ya nje, na kila saa nane usiku hifadhidata ya mauzo, MySQL, inahifadhiwa humo. Mkurugenzi anasema suala la bekapu tumelimaliza. Ni kweli?

JIBU: Bado, ndugu yangu, ingawa mmewapita wengi.

RAID 1 inawafaa siku diski moja ikifa: kazi haisimami. Ila mtu akifuta jedwali la wateja kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Hapo mmekinga kifaa, data hamjaikinga.

Diski ya nje ni afadhali, lakini inayochomekwa muda wote inaonwa na seva, na kinachoonwa na seva kinaonwa pia na virusi vinavyofunga data na kudai fidia. Juni 2017, virusi vya NotPetya viliikumba kampuni ya meli ya Maersk. Seva zake za kusimamia akaunti za mtandao zilikuwa zikinakiliana, kila moja ikitegemewa kuwa bekapu ya mwenzake, na zikafutwa karibu zote. Iliyopona ilikuwa Ghana: umeme ulikuwa umekatika, ikawa nje ya mtandao. Nyinyi msingoje umeme ukatike. Nunueni diski ya nje ya pili, mzipokezane, ile isiyo na zamu ichomolewe ikakae jengo jingine. Mkipenda wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, sawa pia, mradi akaunti yake isitumie nywila ya seva na ihifadhi matoleo ya nyuma ya faili.

Sasa linalonitia wasiwasi zaidi. Fungua folda ya bekapu, utazame ukubwa wa faili za wiki hii. Wengi hutumia skripti, faili la amri zinazojiendesha, inayoita mysqldump (programu ya kutoa nakala ya hifadhidata) na kupitisha matokeo yake kwenye gzip (programu ya kubana faili). Nywila ya hifadhidata ikibadilishwa na aliyebadilisha akasahau kuigusa skripti, mysqldump inakataliwa, lakini gzip inabana utupu ule ule na kutoa faili yenye baiti 20, yaani isiyo na data yoyote ndani. Jina lipo, tarehe ya leo ipo, na skripti inaripoti kwamba mambo ni shwari, maana inasoma jibu la gzip, iliyo ya mwisho kwenye mstari. Nimewahi kukuta folda nzima ya baiti 20, miezi minne mfululizo, na mwenyewe akinionyesha kwa fahari. Kama skripti yenu ni ya Bash (lugha ya amri za Linux), weka set -o pipefail juu kabisa, ili kushindwa kwa mysqldump kusifichwe na gzip.

Na kama mnanakili tu folda ya MySQL huku ikifanya kazi, acheni. Nakala hiyo huenda isifunguke.

Ukubwa ukiridhisha, chukua kompyuta nyingine, rejesha bekapu ya jana usiku, kisha tafuta ankara ya mwisho ya jana. Pima muda kuanzia mwanzo hadi ankara ionekane, umpelekee mkurugenzi, umuulize kama duka linaweza kufungwa muda huo wote.