Wamesimamisha ajira, wametangaza ushirikiano: uuze au uongeze?

Juzi dada mmoja msomaji ameniandikia hivi: "Kaka, nina hisa za kampuni inayotengeneza mitambo ya simu. Mwezi huu imetangaza ushirikiano na kampuni kubwa ya chipu, halafu nasikia imesimamisha ajira mpya. Huku wananiambia niongeze, kule wananiambia nikimbie. Nishike lipi?"

Maswali ya namna hii yameongezeka sana tangu mwisho wa Oktoba 2025, kampuni ya chipu ya Nvidia ilipotangaza kuweka dola bilioni 1 ndani ya Nokia, kampuni ya mitambo ya simu ya Finland, na hisa za Nokia zikapanda kwa zaidi ya asilimia 20 siku hiyohiyo. Wanaonifahamu wanajua nilikuwa nazo. Wanachoniuliza ni nilizipataje mapema, na leo nitaeleza bila kuficha kitu, maana naona watu wengi wenye ndoto kama yangu wanapotezwa na vichwa vya habari.

Nilinunua wakati hakuna aliyezitaka. Tarehe 19 Oktoba 2023 Nokia ilitoa ripoti ya robo ya tatu: mauzo yameshuka kwa asilimia 20, na nafasi za kazi hadi 14,000 zitafutwa katika kampuni iliyokuwa na watu wapatao 86,000. Kampuni za simu za Marekani zilikuwa zimejaza maghala kwa vifaa vya 5G, riba ikapanda, zikaacha kuagiza. Desemba likaja pigo jingine. AT&T, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, ikaipa Ericsson, mshindani wa Nokia kutoka Uswidi, kazi ya mtandao wake kwa mkataba unaoweza kufika dola bilioni 14 kwa miaka mitano, na Nokia, iliyokuwa ikimhudumia mteja huyohuyo, ikabaki inatazama.

Nilikuwa kwenye kundi la uwekezaji la watu ninaowaheshimu. Niliposema nanunua, mmoja akaandika mbele ya wote kwamba nanunua jeneza. Wakacheka. Mtu niliyekaa naye usiku kumfundisha kusoma mizania ndiye aliyependekeza nisiandae tena uchambuzi wa kundi, eti nitawapotosha wageni. Wakakubaliana. Sikuwajibu siku ile na sijawajibu mpaka leo, lakini sitadanganya kwamba haikuniuma. Mwaka 2025 ulipoisha, wawili kati yao walinitumia ujumbe wa kuuliza nanunua nini sasa. Salamu hazikuwemo.

Kitu walichokiona wao ni namba 14,000. Mimi nilitaka kujua hao watu wanatolewa wapi, na fedha inayookolewa inakwenda wapi. Kampuni ilisema inataka kupunguza gharama kwa kati ya euro milioni 800 na bilioni 1.2 hadi mwisho wa 2026, na kwamba utafiti utalindwa. Kiongozi yeyote anaweza kusema hivyo. Kwa hiyo kila ripoti ilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa gharama za utafiti na maendeleo. Ulibaki juu ya euro bilioni 4 kwa mwaka. Hapo ndipo nilipopata usingizi.

Pia nilifungua daftari, na hili ndilo jambo ninalowasihi mlifanye kwa kampuni yoyote mnayoshikilia. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika mauzo, utawala, masoko. Kulia andika wahandisi wa redio, wa faiba, wa chipu, wa programu. Kila mwezi ingia kwenye ukurasa wa ajira wa kampuni, hesabu nafasi zilizotangazwa, jaza pande zote mbili. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo maana wengi hawaifanyi. Upande wa kushoto ukikauka peke yake, kampuni inabana matumizi. Wa kulia ukikauka, inakata bidhaa ambazo ingeziuza miaka mitatu ijayo ili ripoti ya robo hii ipendeze. Kichwa cha habari ni kilekile, "yasimamisha ajira", lakini hizo ni kampuni mbili tofauti kabisa.

Na usiangalie idadi tu, angalia nani anaingia. Wakati Nokia inapunguza maelfu, Februari 2025 ilikamilisha kuinunua Infinera kwa dola bilioni 2.3, kampuni ya mitambo ya mawasiliano ya mwanga inayounganisha vituo vya data. Aprili mwaka huohuo ikampa uongozi Justin Hotard, aliyetoka kusimamia kitengo cha vituo vya data na akili unde (AI) cha Intel, kampuni ya chipu. Unamleta mtu wa namna hiyo kufanya nini kama kesho yako ni minara ya simu peke yake? Ajira hiyo moja iliniambia mengi kuliko zile zote zilizositishwa.

Ericsson nayo itazameni. Februari 2023 ilitangaza kupunguza watu 8,500 duniani. Aliyeuza siku hiyo kwa hofu ya wafanyakazi kupungua hakuwa amebaki na hisa Desemba, ilipochukua kazi ya AT&T. Ndugu zangu, kampuni za vifaa vya mawasiliano zinaishi kwa mawimbi. Wateja wao ni wachache na wakubwa, wananunua kwa pupa kizazi kipya cha mtandao kinapoingia, kisha wanatulia kwa miaka. Ajira nazo hupanda na kushuka na mawimbi hayo. Asiyelijua hili atauza chini na kununua juu maisha yake yote.

Sasa ushirikiano. Hapa nina swali moja tu na nitalirudia mpaka mlichoke: nani kamlipa nani?

Novemba 2015 Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao ya kompyuta, na Ericsson walitangaza ushirikiano mkubwa. Kila mmoja alitarajia kuongeza mapato ya dola bilioni 1 kufikia 2018. Lakini hakuna aliyenunua hisa za mwenzake. Ilikuwa hesabu ya matarajio. Julai 2016, hata mwaka haujatimia, mkurugenzi mtendaji wa Ericsson, Hans Vestberg, akaondoka, na 2017 na 2018 Ericsson ikafunga vitabu kwa hasara. Aliyenunua kwa sababu ya tangazo alinunua maneno.

Linganisha na lile la Nvidia. Nvidia ilikubali kulipa dola 6.01 kwa kila hisa, na hisa hizo zilikuwa mpya, maana yake fedha inaingia kwenye hazina ya kampuni yenyewe. Sisi wenye hisa za zamani tulipunguziwa sehemu yetu kidogo, kwa sababu Nvidia ilipata karibu asilimia 3, na nililikubali hilo kwa moyo mweupe. Nani kamlipa nani? Mshirika ameilipa kampuni. Jibu liko wazi.

Upande wa pili wa swali hilo ndio unaoua watu. Lucent, kampuni ya vifaa vya simu ya Marekani, ilikuwa na ushirikiano mwingi wa kupendeza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mmojawapo ulikuwa na Winstar, kampuni ya huduma za mawasiliano, ambayo Lucent iliahidi kuikopesha hadi dola bilioni 2, na Winstar ikawa inanunua vifaa vya Lucent kwa mkopo wa Lucent. Mauzo yalionekana mazuri kwenye karatasi. Aprili 2001 Winstar ikafilisika. Muuzaji anapomkopesha mteja ili anunue kwake, mauzo yale ni deni lililovaa nguo nyingine, na utalikuta kwenye maelezo ya nyuma ya hesabu ambako watu hawafiki. Fikeni huko. Someni fedha zinazodaiwa wateja. Zikikua haraka kuliko mauzo, ulizeni maswali, na msipojibiwa ondokeni.

Dada yangu aliyeniandikia nilimwomba jina la kampuni, nikasoma tangazo lake lote. Halina kiasi, halina tarehe ya bidhaa, halina anayelipa. Nikaenda kwenye ripoti: gharama za utafiti zinashuka, na kwenye ukurasa wao wa ajira nafasi zilizobaki karibu zote ni za mauzo. Nilimwambia asiongeze hata moja, na kama ripoti ijayo itakuwa hivyohivyo, atoke. Hakufurahi. Alitaka nimpe moyo, na mimi siwezi kumpa mtu moyo kwa fedha yake ya jasho. Wapo wengi wa kufanya hivyo, na siku hisa ikianguka hutawaona.

Acheni kuishi kwa tetesi za makundi. Mtu anayekucheka kwa sababu umesoma ripoti hana la kukufundisha. Someni wenyewe, hata kama ni kurasa chache kila jioni, hata kama wenzenu wote wamekimbilia upande mmoja. Mstari wa utafiti, ukurasa wa ajira, nani kamlipa nani. Hayo yanatosha kukutofautisha na umati.

Kwa wanaouliza nimefanya nini na za kwangu: baada ya tangazo la Nvidia niliuza sehemu, nikarudisha mtaji wangu wote. Zilizobaki nazishikilia kwa sababu T-Mobile ya Marekani imekubali kuujaribu mtandao mpya wa simu wa akili unde ambao Nokia na Nvidia wanautengeneza pamoja, na majaribio yalipangwa kuanza 2026. Majaribio yakizaa oda yenye kiasi na tarehe, nitakaa. Yakizaa tangazo jingine la ushirikiano, nitauza.