Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuongeza Gesi, Tazama Hewa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu viyoyozi vya ukutani, vile vyenye yuniti moja ndani na nyingine nje. Zilizouliza jambo moja tumezijumlisha, na lile lililoulizwa zaidi tumelipa nafasi kubwa.

Kila mwaka fundi huniongezea gesi, na sasa anasema imekwisha tena. Je, ni kawaida? Nitajuaje kama kweli imepungua?

Si kawaida. Gesi ya kiyoyozi haichomwi ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, inachukua joto la chumbani, inalimwaga nje, kisha inarudi. Kiasi kilichowekwa siku ya kufunga mashine ndicho kinachotakiwa kuwemo hadi mashine ichakae. Ikiwa imepungua, kuna mahali inavuja, na anayeongeza bila kupatafuta anakuuzia gesi itakayotoka tena.

Kabla ya kumwita fundi, jipimie mwenyewe. Osha chujio kwanza, maana chujio chafu huharibu kipimo chote. Funga milango na madirisha, weka rimoti kwenye kupoza, shusha digrii hadi mwisho, feni iwe kasi ya juu, kisha subiri dakika 15. Chukua kipimajoto, pima hewa inayoingia juu ya yuniti ya ndani, halafu ile inayotoka mdomoni. Tofauti ikiwa kati ya digrii 8 na 12, mashine inafanya kazi yake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi tofauti hushuka kidogo, kwa kuwa sehemu ya nguvu ya kupoza inatumika kuugeuza mvuke kuwa maji.

Sasa nenda nje utazame mabomba mawili yanayoingia kwenye yuniti, jembamba na nene. Katika mashine nyingi za nyumbani, sehemu inayoshusha presha ya gesi iko kwenye yuniti ya nje, kwa hiyo wakati wa kupoza mabomba yote mawili huwa baridi. Gesi ikipungua, jembamba huota barafu kwenye valvu yake, na nene hubaki vuguvugu na kavu. Ukiyakuta yote mawili ni baridi na valvu zinatoka jasho, lakini chumba hakipoi, usinunue gesi. Tatizo ni jua linalopiga dirishani, hewa ya moto inayoingia chini ya mlango, au chumba kilichoizidi mashine.

Mara nyingi uvujaji huwa kwenye maungio, pale nati zinapobana ncha za shaba zilizotanuliwa, nyuma ya yuniti ya ndani au kwenye valvu za nje. Gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa, ile pampu ya yuniti ya nje inayoisukuma gesi, hivyo penye uvujaji huonekana doa la mafuta lililonasa vumbi. Paka povu la sabuni hapo, nalo litatoa mapovu. Kusipoonekana kitu, fundi aivute gesi iliyobaki aitie kwenye mtungi, ajaze naitrojeni kupitia regyuleta, yaani kidhibiti presha, halafu atafute upya. Asitumie oksijeni kamwe: ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya presha, inalipuka.

Baada ya kuziba, mabomba yafyonzwe kwa pampu ya vakyumu hadi geji isome mikroni 500 (kipimo cha presha ndogo sana) au chini ya hapo, pampu izimwe, na kipimo kiangaliwe kama kinakaa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoua kompresa polepole, kwa sababu unyevu uliobaki ndani hutengeneza asidi ukichanganyika na mafuta. Gesi yenyewe ipimwe kwa mizani, gramu zile zile zilizoandikwa kwenye kibao cha yuniti ya nje. Kusoma presha peke yake hakutoshi, hasa kwa mashine za inveta ambazo kompresa yake hubadili kasi kila wakati.

Aina ya gesi nayo haibadilishwi kwa kubahatisha. Presha ya R-410A ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya R-22, kwa hiyo mashine ya R-22 haiwezi kuibeba. R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, na lazima itoke kwenye mtungi ikiwa kimiminika ili uwiano wake usiharibike. R-32 inashika moto, ingawa si kwa wepesi, hivyo isifunguliwe karibu na mwali wowote. Wala gesi yoyote kati ya hizi isiachwe itoke hewani. Kwa uzito ule ule, R-410A hupasha joto dunia takriban mara 2,000 zaidi ya hewaukaa, na R-32 mara 675.

Kwa kifupi, muulize fundi mambo mawili kabla hajafungua mtungi: umepaona wapi panapovuja, na mizani yako iko wapi? Asiyekuwa na jibu la yote mawili asiiguse mashine yako.

Yuniti ya ndani inaganda barafu usiku, na asubuhi maji yamejaa sakafuni. Nimeambiwa gesi imezidi.

Anza na hewa. Koili ya ndani, yale mabomba yenye mapezi yanayoipoza hewa, hufanya kazi digrii chache tu juu ya sifuri. Hewa ya chumbani ikipita ya kutosha, huipasha koili na kuizuia isishuke zaidi. Hewa ikizibwa, koili inashuka chini ya sifuri, unyevu unaganda juu yake, barafu nayo inaziba njia iliyobaki. Ndiyo maana tatizo huanza kidogo jioni na kufikia usiku wa manane mashine haitoi hata pumzi.

Ukiikuta imeganda, zima kupoza na uache feni peke yake izunguke saa moja hadi mbili, taulo zikiwa chini. Usikwangue barafu kwa kisu. Mapezi ya alumini ni membamba, na bomba lililo nyuma yake likitobolewa ndipo utakapohitaji gesi kwelikweli.

Kisha tafuta kinachoziba. Chujio ndicho cha kwanza. Panapotumika kila siku, lioshwe kila wiki mbili, na mapema zaidi penye vumbi au wanyama wa manyoya. Tumia maji yasiyozidi digrii 40 na brashi laini, likaukie kivulini, kwa sababu jua kali hulipinda. Usilirudishe likiwa bichi, maana litaota ukungu.

Cha pili husahauliwa hata na mafundi: lile gurudumu refu la feni lililo nyuma ya mdomo wa hewa. Zima umeme, fungua vibati vya mdomo, mulika tochi ndani. Ukiona mabawa yake yamejaa uchafu mweusi, ndipo hewa yako inapoishia. Chujio linaweza kuwa safi kabisa huku gurudumu limeziba nusu. Kulisafisha vizuri ni kazi ya fundi, kwa sababu maji yakifika kwenye bodi ya umeme yataiunguza, lakini wewe ndiye wa kumwambia alisafishe. Aoshe na koili wakati huo huo.

Tazama pia mazoea ya usiku. Kuweka digrii 16 na feni kasi ya chini kabisa, chumba kikiwa tayari baridi, ni njia ya uhakika ya kugandisha koili. Hayo yote yakiwa sawa na barafu bado inarudi, hapo zamu ya gesi imefika, na mara nyingi itakutwa imepungua, si imezidi.

Hakuna barafu, lakini maji yanachuruzika ukutani.

Ni mpira wa kutolea maji. Uchafu na utelezi wa kijani umeuziba, au hauteremki vizuri. Unahitaji mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kupinda kwenda juu popote, na ncha yake isizame ndani ya ndoo yenye maji, kwani hewa ikinaswa maji hayatoki. Fyonza uchafu kutoka ncha ya nje kwa mashine ya kufyonza maji, kisha mimina taratibu kikombe cha siki nyeupe kwenye trei ya ndani, na baada ya nusu saa suuza kwa maji ya vuguvugu. Usipulize kwa presha kubwa kutoka nje: kiungo cha ndani ya ukuta kikichomoka, maji yatachuruzika mahali usipopaona.

Je, kuweka digrii 16 kunapoza haraka? Na nikitoka, nizime au niache?

Hakupozi haraka. Mashine ya kawaida ina kasi moja tu ya kompresa. Ya inveta huenda kwa nguvu zake zote mpaka ikaribie kiwango ulichoweka, kiwe 16 au 24. Kinachotokea ni kwamba haitasimama ulipotaka, itaendelea hadi upate baridi na bili.

Fikiria nje ni digrii 32. Ukiweka 24, tofauti kati ya ndani na nje ni digrii 8. Ukishusha hadi 22, tofauti inakuwa 10, yaani joto linalopenya kuta na madirisha linaongezeka kwa robo. Kwa digrii mbili tu! Weka 25 au 26 na uwashe feni ya dari; upepo wake juu ya ngozi utakufanya uhisi ubaridi zaidi ya kipimo. Ila feni humpoza mtu, haipozi chumba, kwa hiyo izime ukitoka.

Ukitoka kwa saa moja au zaidi, zima na kiyoyozi. Wapo wanaoamini kwamba kukipoza chumba upya hula umeme kuliko kukiacha kikipozwa mchana kutwa, na imani hiyo imewagharimu wengi. Chumba kilichoachwa kipate joto hupokea joto linalozidi kupungua kadiri muda unavyokwenda, kwa sababu tofauti na nje inapungua. Ukitoka kidogo tu kisha urudi, kiache, hasa cha inveta.

Chumba changu kina baridi lakini godoro na nguo zina unyevunyevu. Ninataka kununua mashine kubwa zaidi.

Usinunue. Unachoeleza ni dalili ya mashine ambayo tayari ni kubwa mno. Inafikisha digrii ndani ya dakika chache, inazima, na haipati muda wa kukamua maji hewani. Chumba cha kulala cha mita za mraba 15 mara nyingi hutosheka na kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Kiyoyozi cha BTU 18,000 hapo kitawaka na kuzima usiku kucha, jambo linaloichosha kompresa pia.

Kwa mashine uliyonayo, tumia hali ya kukausha, ile yenye alama ya tone kwenye rimoti. Weka feni kwenye AUTO, kwa kuwa ikizunguka mfululizo huku kompresa imezima inayarudisha chumbani maji yaliyobaki juu ya koili.

Tunatumia kiyoyozi kupasha joto. Asubuhi za baridi yuniti ya nje inasimama, inasikika kelele ya hewa, kisha unatoka moshi mweupe. Inaungua?

Haiungui. Huo ni mvuke. Wakati wa kupasha, yuniti ya nje ndiyo inayokuwa baridi, na hali ya nje ikikaribia sifuri huku hewa ina unyevu, inaota barafu. Kila baada ya muda mashine hugeuza mkondo wa gesi, husimamisha feni na kuyeyusha barafu hiyo kwa dakika 5 hadi 10. Ndani hupati joto kwa muda huo, kisha inarudi yenyewe. Ukiizima katikati kwa hofu, barafu inabaki.

Kuwa na wasiwasi pale yuniti nzima inapofunikwa na barafu isiyoyeyuka kwa saa kadhaa. Zima, mwagia maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto, na usigonge. Hakikisha yuniti imeinuliwa kutoka chini ili maji yaliyoyeyuka yasigandie miguuni pake. Ikijirudia, mwite fundi aangalie kihisi cha joto na valvu ya kugeuza mkondo.

Elekeza vibati vya mdomo chini unapopasha, na juu unapopoza. Na usiache njia hii ukarudi kwenye hita ya nyaya: uniti moja ya umeme kwenye hita hutoa uniti moja ya joto, lakini kiyoyozi hukupa kama tatu pale baridi isipokuwa kali, kwa kuwa hakitengenezi joto, kinalihamisha.

Yuniti ya nje inanguruma sekunde chache, haianzi, kisha inanyamaza.

Ikiwa umeme ulikatika sasa hivi, subiri dakika 3 presha ilingane, ndipo ujaribu tena. Ikiendelea, kwenye mashine isiyo ya inveta mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya kompresa, kifaa cha bei ndogo kinachoisaidia kuanza, ambacho juu yake huvimba kikifa. Zima kwenye breka usirudie kuwasha, maana kila jaribio linazipasha moto nyaya za kompresa. Fundi aweke kapasita yenye mikrofaradi zile zile, na volti sawa au zaidi. Wewe usiifungue, hata umeme ukiwa umezimwa: kapasita hubaki na chaji na inaweza kukupiga.