Kodi Yote, Wala Si Kodi "Katika Ukamilifu Wake"

Msomaji mmoja wa Kayole, Nairobi, ambaye amepewa kazi ya kutafsiri mikataba ya upangaji, ameniandikia hivi: "Mwalimu, Kiingereza kina 'in full', 'in its entirety', 'as a whole' na 'on the whole'. Nimeyatafsiri yote kuwa 'katika ukamilifu wake', lakini aliyenipa kazi ameirudisha akisema haisomeki. Niandike nini?"

Aliyeirudisha kazi hiyo amefanya vyema. Nitajibu swali lenyewe, ila kwanza nina deni la siku nyingi na hayo maneno "katika ukamilifu wake", kwa sababu hayakuanzia Kayole wala hayataishia huko. Yamebandikwa kwenye malango ya nyumba za kupanga: "Kodi ilipwe katika ukamilifu wake kabla ya tarehe 5." Yamo katika barua za mikopo na katika kumbukumbu za mikutano ya vyama vya akiba, na siku hizi yanasomwa hata kwenye taarifa za habari na watu ambao, wakizungumza na mama zao nyumbani, hawawezi kuyatamka kamwe.

Ukamilifu ni hali ya kitu kisicho na kasoro. Mhubiri huutaja anapomsifu Mungu, na mwalimu wa ushairi huutaja anapolisifu shairi ambalo vina na mizani yake havina dosari. Basi mtu anapoandika kwamba ripoti ya kamati "ilikataliwa katika ukamilifu wake", ameniambia kwamba ripoti ilikuwa haina kasoro hata moja na bado ikakataliwa. Alichotaka kusema ni kwamba ripoti yote ilikataliwa, kwamba hakuna sehemu iliyonusurika. Neno moja la silabi mbili lingetosha, nalo lingesema kweli, ilhali maneno matatu aliyoyatumia yamesema jambo jingine kabisa.

Kosa linazidi kuwa zito tunapofika kwenye mikataba, ambako neno lililolegea humgharimu mtu fedha. Chukua sentensi hii: "Mpangaji atalipa kodi na deni katika ukamilifu wake." Sasa niulize: ukamilifu wa nani? Wa kodi? Wa deni? Kisarufi unaweza hata kuwa wa mpangaji mwenyewe, maana "wake" imefuata ngeli ya ukamilifu na haituonyeshi mwenye kumiliki ni yupi kati ya hao watatu. Mpangaji akilipa kodi akasalia na deni nusu, wakili wake atapata pa kushika. Sasa andika: "Mpangaji atalipa kodi yote na deni lote." Yote imeshikamana na kodi, lote limeshikamana na deni, na hakuna mlango uliobaki wazi. Upatanisho wa ngeli, ambao wanafunzi wetu huuona kuwa mzigo wa mtihani, ndio unaofanya kazi hapa, nao unaifanya kwa usahihi ambao "in full" ya Kiingereza haina. Kiingereza hakina ngeli za namna yetu. Kinalazimika kutafuta kihusishi, kukipachikia nomino, na kumwachia msomaji atambue kinachokusudiwa. Sisi hatuna dhiki hiyo, na sioni kwa nini tuiazime.

Kwa hiyo "in full" na "in its entirety", katika mikataba yako, ni -ote: kodi yote, deni lote, malipo yote, mkataba wote. Pale ambapo "in full" inaeleza jinsi tendo linavyofanyika, kama vile kutekeleza wajibu au kushiriki, nakubali "kikamilifu". Silipendi sana neno hilo, kwani limetumika hadi likachuja, lakini limeshakaa na linaeleweka. Nisichokikubali ni "kwa kikamilifu", ambacho nimekiona zaidi ya mara moja. Ki- ya namna tayari imeshafanya kazi, na "kwa" haina la kuongeza.

"As a whole" inatuleta kwenye -zima, na hapa inafaa tusimame, kwa kuwa watu wengi hudhani -zima na -ote ni kitu kimoja. Nenda kwa muuza mayai yeyote, ununue trei ya mayai 30, kisha uifikishe nyumbani kwa gari la matatu. Ukiyahesabu ukapata 30, mawili yakiwa yamepasuka, utasema mayai yote yapo lakini si yote mazima. Yote inahesabu na kukusanya, inahakikisha kwamba hakuna kilichoachwa nje. Nzima inakitazama kitu kimoja na kusema hakijavunjika wala kukatwa. Ndiyo maana aliyekuta nusu ya mkate mezani akaila hadi ikaisha amekula mkate wote uliokuwapo, lakini hawezi kudai kwamba amekula mkate mzima. Ndiyo maana pia tunasema maji yote na sukari yote, wala hatusemi maji mazima. Kisicho na umbo la kuvunjika hakina uzima. Neno hilo hilo tunamwambia mtu asiye na maradhi, "U mzima?", na Kiingereza nacho kilipitia njia hiyo, kwani "whole" zamani ilikuwa na maana ya mwenye afya, asiyejeruhiwa, na "entire" inatokana na neno la Kilatini la kitu kisichoguswa. Basi kifungu chako kinachosema mkataba usomwe "as a whole" kiandike: "Mkataba huu usomwe mzima, wala kifungu chochote kisitafsiriwe peke yake."

"On the whole" haimo katika kundi hili hata kidogo. Haisemi kwamba kila kitu kimo. Inasema kwamba mtu ametazama kwa mbali na kuridhika, ingawa anajua kuna yasiyofuata mkondo. Hiyo ni "kwa jumla" au "kwa ujumla", na tahadhari yangu ni moja tu: usiandike "kwa jumla wapangaji wote walilipa", kwani sehemu ya kwanza inaruhusu wachache wasiolipa na sehemu ya pili inawakataza.

Lililobaki hukuliuliza, ila linatokana na kosa hilo hilo, nami siwezi kulinyamazia. Kiingereza kikisema "throughout", waandishi wetu huhangaika na "katika" na "kupitia" hadi wanapata sentensi kama "mvua ilinyesha kupitia usiku wote". Kiswahili kina usiku kucha na mchana kutwa, jua limechomoza na jua limetua ndani ya neno moja moja. Kina kote, pote na mote. Watangazaji wa Nairobi wameihifadhi "kote nchini" na ninawashukuru kwa hilo, lakini mote inakufa mbele ya macho yetu. Moshi ulienea nyumbani mote: mtu anayeisikia sentensi hiyo anajua moshi umeingia vyumbani, kabatini, hadi mvunguni mwa kitanda, kwa sababu m- ya mote ni ya ndani. "Katika nyumba yote" haimfikishi huko.

Tena vitenzi vyetu hubeba utimilifu bila msaada wa nomino yoyote. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa urais, habari ilienea mtaani kwamba mahakama imeufutilia mbali. Aliyesikia "kufutilia mbali" hakuhitaji kuelezwa kwamba hakuna kilichosalia. Mtu hulewa chakari, hujifunika gubigubi, hulowa chepechepe, na basi hujaa pomoni. Haya si mapambo ya masimulizi ya bibi. Ni vipimo, na kila kimoja kina kitenzi chake kinachokifaa, hata mtoto wa Eastleigh au Kibra akikosea atasahihishwa na wenzake papo hapo.

Rudi basi kwenye mikataba yako, msomaji wangu, na popote ulipoandika "katika ukamilifu wake" jiulize kwanza ni kitu gani kinachokusudiwa, kisha ukipe -ote ya ngeli yake au -zima ikiwa ni kimoja kisichogawanywa. Kifungu cha amana, ambacho najua kimo katika mikataba ya namna hiyo, kiwe hivi: "Mpangaji akihama na kuacha nyumba bila uharibifu, mwenye nyumba atamrudishia amana yote."