Kumpigia mama wa Ujiji kutoka Mirihi

Kaka, umeuliza kama mtu akiishi kwenye sayari ya Mirihi ataweza kumpigia mama yake Ujiji kama kawaida, na kwa nini wengine wanaiita Mars. Kupiga simu ya kuongea, hapana. Mawimbi ya redio yanakwenda kasi ya mwanga, kama kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini Mirihi ikitukaribia sana bado iko mbali kiasi cha kilomita milioni 55, na ikitukimbia inafika milioni 400. Kwa hiyo neno moja linasafiri dakika 3 hadi 22. Ukisema "Shikamoo mama" siku mbaya, marahaba inakufikia baada ya dakika zaidi ya 40. Chai imeshapoa! Utatuma ujumbe wa sauti, basi. Tena kila baada ya miezi kama 26 Jua linakaa katikati yetu na Mirihi, mawasiliano yanasimama kama wiki mbili.

Majina sasa. Mirihi tumeipata kwa Waarabu, al-Mirrikh. Mars ni mungu wa vita wa Warumi, Wagiriki walimwita Ares. Wahindi husema Mangala, Wachina Huoxing, yaani nyota ya moto. Wengi wao waliona wekundu tu, kumbe ni vumbi lenye kutu ya chuma.

Usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani na taa zao, itafute angani: ile nyekundu isiyometameta. Miezi mingine haionekani, usinilaumu.